Jinsi ya Kutafuta Hitilafu katika Mfumo wa Onyo la Mstari: Mwongozo kwa Mafundi wa Tabora

Magari mengi yanayoingia Tabora kutoka Japani siku hizi, yakiwamo Mazda CX-5, Subaru Forester, Toyota Harrier na Nissan X-Trail za matoleo ya karibuni, yana kamera iliyofungwa nyuma ya kioo cha mbele, juu kabisa, jirani na kioo cha kutazamia nyuma. Mojawapo ya kazi za kamera hiyo ni kuifuatilia mistari iliyochorwa barabarani na kumwonya dereva, kwa mlio, kwa taa au kwa mtikisiko wa usukani, pindi gari linapoanza kuvuka mstari bila indiketa kuwashwa. Malori yaliyotumika Ulaya kabla ya kuletwa huku nayo huja na mfumo huo, kwa kuwa Umoja wa Ulaya uliufanya kuwa wa lazima kwa malori mazito ya miundo mipya kuanzia Novemba 2013, na kwa malori mazito mapya kwa jumla kuanzia Novemba 2015. Katika mwongozo huu tutauita mfumo wa onyo la mstari.

Fundi anayekutana na mfumo huu kwa mara ya kwanza huvutwa kuilaumu kamera, kwa kuwa ndicho kifaa kinachoonekana na ndicho cha bei kubwa. Huo ni mwanzo mbaya. Kamera yenyewe hufa mara chache. Linalotokea mara nyingi zaidi ni kwamba kamera haioni, au haipati taarifa inazozihitaji kutoka sehemu nyingine za gari, au inaona vizuri lakini imeelekezwa pasipo sahihi. Mambo hayo matatu hutafutwa kwa njia tofauti, na asiyeyatenganisha ataishia kumwagizia mteja kamera iliyotumika kutoka Dar es Salaam, aifunge, kisha akute taa ileile inawaka.

Maswali kabla ya vifaa

Anza na mwenye gari. Muulize kama mfumo umenyamaza bila taa yoyote kuwaka kwenye dashibodi, au taa ya njano imewaka na kubaki, au mfumo unalia lakini unalia mahali pasipostahili. Hayo ni malalamiko matatu yasiyofanana, na jibu lake linaamua utaanzia wapi. Muulize vilevile gari lilifanyiwa nini kabla ya tatizo kuanza: kubadilishwa kioo cha mbele, kuinuliwa kwa spesa (vipande vinavyowekwa kwenye springi ili gari liwe juu zaidi), kupigwa alaimenti (kunyoosha mwelekeo wa magurudumu), kufungwa redio mpya, king'ora cha wizi au kifaa cha kufuatilia mwendo, kuchomolewa betri au kuwashwa kwa betri ya gari jingine. Kati ya majibu hayo, kioo na spesa ndiyo yanayostahili kuandikwa kwa herufi kubwa kwenye daftari la kazi.

Kama mfumo umenyamaza bila taa ya hitilafu, hakikisha kwanza kwamba haujazimwa. Magari mengi yana kitufe chenye picha ya gari kati ya mistari miwili, na kwa baadhi yake hali ya mwisho huhifadhiwa hata gari likizimwa, kwa hiyo inawezekana mfumo ulizimwa na mmiliki wa kwanza kule Japani na haujawashwa tangu hapo. Sauti ya onyo na wepesi wa kuonya navyo hupangwa ndani ya menyu, ambayo kwa magari haya huwa ya Kijapani. Programu ya simu inayotafsiri maandishi kwa kamera inatosha kuisoma. Redio ya awali ikiwa imetolewa na kuwekwa ya Android, huenda menyu hiyo imeondoka pamoja nayo, na hapo mipangilio itafikiwa kwa mashine ya kupimia tu (ile inayounganishwa na gari ili kusoma kompyuta zake), kama itafikiwa.

Yale ambayo si hitilafu

Mfumo wa onyo la mstari haufanyi kazi gari likienda polepole. Kwa magari mengi huanza kuamka kati ya kilomita 50 na 60 kwa saa, na kwa baadhi hufika 70. Mteja anayelalamika kwamba gari halimwonyi kati ya Kitete na Isevya hana hitilafu yoyote, kwani mjini na vijijini sheria yenyewe inamtaka asizidi kilomita 50. Onyo pia huzuiwa kwa makusudi indiketa ikiwa imewashwa, dereva akikanyaga breki au akikata usukani kwa nguvu, kwa sababu kompyuta huchukulia kwamba dereva anajua anachofanya.

Pasipo na mistari hapana onyo. Barabara ya udongo, lami mpya ambayo haijachorwa, mstari uliofutika au uliofunikwa na mchanga wa pembeni: yote hayo huifanya kamera ikose cha kushika, na alama ya mfumo kwenye dashibodi hubaki nyeupe au kijivu badala ya kijani. Kinyume chake pia hutokea, kwamba ufa wa lami uliozibwa kwa bitumeni, au alama ya tairi iliyokolea, husomwa kama mstari na mfumo ukalia bila sababu. Ukiambiwa kwamba gari hulia mahali palepale pamoja tu kila siku, nenda ukapatazame mahali hapo kabla ya kufungua chochote.

Jua lina nafasi yake. Barabara ya kwenda Urambo, Kaliua na hatimaye Kigoma inaelekea magharibi, na dereva anayeondoka Tabora alasiri hukabiliwa na jua usoni hadi linapotua. Kamera nayo hukabiliwa nalo, na mwanga ukizidi hujizima kwa muda na kuonyesha ujumbe. Joto nalo hufanya hivyo hivyo: gari lililoegeshwa juani mchana kutwa mwezi wa Oktoba, kioo chake kikiwa kimefungwa, linaweza kuwasha taa ya mfumo mara linapowashwa, kisha taa ikazimika yenyewe baada ya kiyoyozi kufanya kazi. Taa inayokuja na kuondoka kwa saa za siku ni ya mazingira hadi ithibitishwe vingine. Mji huu haukosi miembe ya kuegesha chini yake, ingawa utomvu wa mwembe juu ya kioo ni tatizo jingine la kamera.

Kioo na mahali pa kamera

Simama nje ya gari, mbele, na utazame sehemu ya kioo iliyo mbele ya kamera. Tafuta stika, tinti ya juu iliyoshuka kupita kiasi, ufa, alama za kokoto, na mkwaruzo wa waipa zilizochakaa. Stika za Wiki ya Nenda kwa Usalama na za bima hubandikwa popote penye nafasi, na nafasi hiyo mara nyingine huwa ndiyo jicho la kamera. Ufa mdogo ambao dereva hasumbuki nao unaweza kuuvunja mwanga kiasi cha kuufanya mstari mmoja uonekane miwili.

Kisha ingia ndani. Kati ya kamera na kioo pana uwazi mdogo uliofunikwa na kava ya plastiki, na upande wa ndani wa kioo mahali hapo hujenga utando wa vumbi na mvuke wa plastiki usioonekana kirahisi. Toa kava, safisha kioo kwa kitambaa laini kilicholoweshwa kidogo, na usipulize dawa ya kusafishia kuelekea kwenye kamera. Lenzi usiiguse kwa kidole. Kwa Subaru zenye kamera mbili za EyeSight (jina la mfumo wa kamera wa Subaru), usiilegeze kamera yoyote wala kuikaza skrubu zake kwa kujaribu tu, kwa sababu kompyuta hupima umbali kwa kulinganisha picha za kamera hizo mbili, na mabadiliko madogo sana kati yake huharibu hesabu yote.

Kama kioo kimewahi kubadilishwa, kitazame kwa shaka. Malori yanayopita vipande vya barabara ya changarawe hurusha mawe, vioo vinapasuka, na kinachopatikana haraka si lazima kiwe kile kilichotengenezwa kwa gari lenye kamera. Kioo kisicho sahihi huweza kukosa kishikizo cha kamera, kikalazimu kishikizo cha zamani kibandikwe kwa gundi kwa kukisia; au kikawa na unene na mpindo usiolingana mbele ya lenzi. Kishikizo kikicheza hata kidogo kwa kusukumwa na kidole, hakuna haja ya kuendelea na vipimo vingine kabla hakijabandikwa upya mahali pake. Tazama pia kama gundi ya kioo inavujisha maji. Mvua za Novemba hadi Aprili huingia kupitia pembe ya juu, zikatiririka ndani ya paa hadi kwenye plagi ya kamera, na pini zikafanya kutu ya kijani.

Baadhi ya magari ya Nissan hutumia kamera ya nyuma kwa onyo la mstari. Kwa hayo, kiangazi cha hapa kinatosha kuuzima mfumo: vumbi jekundu hujikusanya kwenye mlango wa nyuma na kuifunika lenzi. Futa, jaribu, ndipo uulize mengine.

Umeme kwanza, mashine baadaye

Betri dhaifu huzifanya kompyuta za gari ziandike namba za hitilafu zisizo na ukweli. Gari likiwa limezimwa na kupumzika, betri nzima ya volti 12 husoma karibu 12.4 hadi 12.6; injini ikiwa inaunguruma, chaji huwa kati ya 13.5 na 14.5 kwa magari mengi, ingawa baadhi ya magari mapya hushusha chaji kwa makusudi. Malori ni volti 24. Ukikuta volti zimeshuka, shughulikia betri na altaneta kwanza, futa namba zote, halafu uanze upya.

Sasa unganisha mashine ya kupimia, lakini iwe mashine inayofungua kompyuta zote za gari. Vifaa vidogo vya Bluetooth vinavyosomwa kwa simu kwa kawaida huishia kwenye injini, na vikikuambia kwamba hakuna hitilafu havijakuambia lolote kuhusu kamera. Magari yaliyouzwa kwa soko la ndani la Japani hayana namba ya chasisi ya tarakimu 17; namba yake ni fupi, na mashine inayojaribu kulitambua gari yenyewe itashindwa. Chagua mwenyewe chapa, soko la Japani, aina ya gari na mwaka wake. Soma namba zote kutoka kila kompyuta na uzipige picha kabla ya kufuta, kwa sababu mashine nyingi huonyesha pia hali ya gari wakati hitilafu ilipoandikwa, na taarifa hiyo ikifutwa hairudi. Baada ya kufuta, endesha gari, kisha soma tena. Zile zinazorudi ndizo za kushughulikia.

Namba zinazoanza na herufi U zinahusu mawasiliano kati ya kompyuta. U0121 humaanisha kwamba kompyuta ya breki za ABS (zinazozuia magurudumu yasijifunge) haisikiki kwenye mtandao wa gari, na U0126 kwamba sensa ya pembe ya usukani haisikiki. Ukiona kamera imeandika U0121, usiiguse kamera. Ndiyo inayolalamika, si inayolalamikiwa. Kamera inahitaji mwendo wa magurudumu kutoka ABS, pembe ya usukani, kiwango cha gari kujizungusha, na hali ya indiketa. Kimojawapo kikikosekana hujizima na kuwasha taa, hata kama yenyewe ni nzima kabisa.

Kamera isipojibu mashine hata kidogo, pima fyuzi yake, kisha pima umeme kwenye plagi ya kamera swichi ikiwa imewashwa. Usiridhike na kuona volti 12 bila mzigo. Pima upungufu wa volti kwenye waya wa bodi (ule unaorudisha umeme kwenye chuma cha gari), kamera ikiwa imeunganishwa; ukizidi volti 0.2, tafuta mahali pa kutu au pini iliyolegea. Waya za mawasiliano ni mbili zilizosokotwa pamoja. Kwenye soketi ya kupimia iliyo chini ya dashibodi hupatikana kwa kawaida katika pini namba 6 na 14, na betri ikiwa imechomolewa, ukinzani kati ya pini hizo huwa karibu omu 60, kwa sababu kila mwisho wa mtandao una kizuizi cha omu 120. Ukisoma 120, upande mmoja umekatika. Ukisoma karibu sifuri, waya zimegusana. Lakini kwa magari mengi mapya kamera ipo kwenye tawi jingine nyuma ya kompyuta inayopokea na kusambaza taarifa, kwa hiyo omu 60 kwenye soketi haziithibitishi njia ya kamera. Fuata mchoro wa waya wa gari hilo na upime kwenye plagi ya kamera yenyewe.

Mahali pa kutazama waya zilizokatwa ni pale zilipoguswa na mikono ya watu, yaani nyuma ya redio mpya, karibu na king'ora cha wizi na kifaa cha kufuatilia mwendo, na kwenye nguzo ya kioo cha mbele palipopitishwa waya wa kamera ya kurekodi safari. Gari lililolala muda mrefu karibu na ghala la nafaka lichunguzwe pia kwa panya.

Usukani, matairi na kimo cha gari

Kuna malalamiko ambayo hayaandiki namba yoyote: mfumo hulia mapema upande mmoja na kuchelewa upande mwingine. Fungua taarifa hai (vipimo vinavyosomwa papo hapo gari likiwa linakwenda) kwenye mashine, endesha gari moja kwa moja kwenye barabara iliyonyooka, na usome pembe ya usukani. Inapaswa kuwa karibu na sifuri. Ikisoma nyuzi kadhaa wakati gari linakwenda sawa, basi ama alaimenti imekosewa, ama alaimenti imepigwa vizuri lakini sensa haikurudishwa kwenye sifuri. Kwa baadhi ya magari, kuchomoa betri pekee huifanya sensa isahau sifuri yake, na dawa ni kuukata usukani hadi mwisho kulia, kisha hadi mwisho kushoto, na kuliendesha gari kidogo. Linganisha pia mwendo wa magurudumu manne. Tairi moja lenye kipimo tofauti au lililochakaa kuliko mengine litaonekana hapo.

Spesa zinastahili maneno zaidi, kwa kuwa ni desturi yetu. Barabara za vijijini hutulazimisha kuinua magari, na si kosa; ila kamera ilipangwa kwa kimo na mwelekeo maalumu. Gari likiinuliwa mbele pekee, kamera hutazama juu zaidi kuliko ilivyopangiwa na hesabu yake ya umbali wa mstari hubadilika. Ukubwa wa kosa ni rahisi kukokotoa: kamera ikipotoka kwa nyuzi moja tu kwenda pembeni, mahali palipo umbali wa mita 30 mbele huonekana kama pamesogea takriban nusu mita. Nusu mita ndiyo tofauti kati ya kukanyaga mstari na kuwa salama ndani yake. Kwa hiyo gari lililofungwa spesa, matairi makubwa zaidi au springi mpya huhitaji kamera ilengwe upya hata kama hakuna taa iliyowaka.

Kuilenga kamera upya

Kamera hulengwa kwa njia mbili, na mtengenezaji wa gari ndiye anayeamua ipi itumike; mengine huhitaji zote. Njia ya kwanza hutumia ubao wenye mchoro maalumu uliowekwa mbele ya gari kwa umbali na kimo kilichoandikwa katika maelekezo ya gari hilo. Njia ya pili ni kuliendesha gari kwenye barabara yenye mistari iliyo wazi huku mashine ikiwa imeunganishwa, hadi kompyuta iseme kwamba imemaliza.

Kwa njia ya ubao, kinachokwamisha gereji nyingi ni sakafu. Magurudumu manne na ubao lazima viwe kwenye usawa mmoja, na sakafu ya zege iliyomwagwa kwa macho huwa na mteremko usioonekana. Tumia mpira mwembamba unaopitisha mwanga uliojazwa maji, ule wanaotumia wajenzi kupimia usawa wa msingi, na upime kimo kwenye kila gurudumu na pale ubao utakaposimama. Jaza upepo wa matairi kwa kiwango kilichoandikwa mlangoni, toa mizigo yote garini, na uhakikishe alaimenti imekamilika kabla, si baada. Mstari wa katikati wa gari utafutwe kwa timazi kutoka katikati ya bampa la mbele na la nyuma, na ubao uwe pembe mraba na mstari huo. Ubao wa kujichorea kwa kukisia vipimo usiutumie, kwani mashine inaweza kuukubali na kuhifadhi kosa kama ndiyo usahihi.

Njia ya kuendesha inategemea barabara. Chagua kipande kilichonyooka cha barabara ya Nzega ambacho mistari yake ya pembeni na ya katikati ingali inaonekana, nenda asubuhi baada ya jua kupanda kiasi, na usiende peke yako: mmoja aendeshe, mwingine asome mashine. Dereva asiiangalie skrini hata kidogo.

Jaribio la mwisho na kulikabidhi gari

Kwenye barabara hiyohiyo, nje ya makazi, pasipo na gari mbele wala nyuma, mwendo ukiwa umepita kiwango cha mfumo kuamka, acha gari lisogee taratibu kuelekea mstari wa kushoto bila indiketa. Onyo linapaswa kutoka tairi linapoukaribia au kuugusa mstari. Rudia na indiketa ikiwa imewashwa. Safari hii mfumo unyamaze. Upande wa kulia jaribu tu pale mstari wa katikati ni wa vipande na barabara inaonekana mbali bila gari linalokuja. Pande zote mbili zikionya kwa umbali unaokaribiana, na namba za hitilafu zisiporudi baada ya safari, kazi imekamilika.

Ikiwa kamera haikuweza kulengwa kwa kukosa ubao au kioo sahihi, usichomoe fyuzi na usifunike taa kwa utepe. Kwa magari mengi kamera hiyohiyo huongoza breki ya dharura, na kamera iliyopotoka inaweza kusoma vibaya kilicho mbele. Zima onyo la mstari na breki ya dharura kwa vitufe au menyu yake, mweleze mwenye gari kwamba kwa baadhi ya magari breki hiyo hujiwasha tena kila gari linapowashwa, na uandike kwenye risiti namba za hitilafu ulizokuta, kilomita zilizosomwa, kilichofanyika na kilichobaki, ili fundi atakayelipokea Mwanza au Dar es Salaam asianze kwa kuagiza kamera.